Mfereji Kupitia Depo ya Mkwe

Kibumba, tarehe 14 Oktoba 2018

Mdogo wangu Anastase,

Barua hii ikikufikia na tope, usimlaumu Modeste. Ameichomeka kati ya kabichi zake, na chukudu ile, wewe unaijua, ni mbao tupu na magurudumu mawili. Breki yake ni kipande cha mpira anachokanyaga kwa kisigino. Kuteremka Goma ni nusu siku. Kupanda ndiyo kazi, maana analazimika kungoja lori la kumbeba yeye na chukudu yake. Kwa hiyo barua zangu zitakufikia upesi, zako zitachelewa. Usinung'unike.

Huku tuko wazima. Ukungu uko palepale, viazi vimekubali, ng'ombe wa jirani Mukamugema ameingia tena shambani kwangu na mwenyewe anasema ni ng'ombe mwingine. Wala usiniambie nipige simu. Mtandao unapatikana kwenye jiwe moja tu, na pale juu majirani wote wanangoja zamu yao, kimya, masikio wazi. Mara nyingine simu inakamata mtandao wa ng'ambo ya mpaka, inakula salio lote nikiwa bado kwenye "habari za nyumbani". Mambo ya familia ni ya karatasi.

Basi, jambo lenyewe. Umugwaneza ameombwa! Kijana anaitwa Kambere. Alikuja na mbao za paa la shule anapofundisha mtoto wetu, akazishusha siku moja, kisha akarudi mara nne kuangalia kama zinakaa vizuri. Ni mtoto wa Papa Sikuli, yule Munande mwenye depo ya mbao pale Mapendo, huko kwenu Goma. Watu wa Butembo, Wakatoliki, wapole.

Marehemu mume wangu Habineza hayupo wa kukaa mbele siku ya posa. Wewe ni mjomba. Nataka uwe msemaji wetu. Desturi unaijua: wageni wakija kuomba msichana, unawakatalia kwanza. Unawasingizia makosa, unawaambia wamechelewa, msichana ameshatolewa kwa wengine, mpaka wabembeleze na watu wacheke na mioyo ifunguke. Ila nakuomba kitu kimoja: usiongee kama ulivyoongea kwenye ubatizo wa mtoto wako. "Viashiria", "makadirio ya miaka mitano", mpaka bia ikapata joto.

Na swali la pili, kwa kuwa wewe ndiwe mchumi. Wao kwao mahari ni mbuzi. Sisi ni ng'ombe. Ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi wangapi? Nijibu kabla shemeji yangu Havugimana hajajibu.

Dada yako anayekukumbuka kila akimenya viazi,
Emerance

*

Goma, tarehe 2 Novemba 2018

Yaya Emerance,

Barua yako ilifika na jani zima la kabichi ndani. Clarisse ameliosha na kulipika, kwa hiyo tunakushukuru mara mbili. Watoto wanasoma. Mkubwa amekuwa mrefu kunipita na sasa anavaa mashati yangu bila kuuliza.

Nimefurahi sana kwa habari ya Umugwaneza. Mwambie mjomba wake amecheka peke yake ofisini hadi mlinzi akachungulia.

Mimi kazi imenishika huku ofisi ya mipango. Tuna mpango wa mfereji wa maji ya mvua kule Mapendo, kanivo kubwa ya mawe mpaka ziwani. Najua ukisikia neno "mpango" unaanza kusinzia, lakini nisikilize kidogo. Mvua ikinyesha saa moja tu, maji yote ya juu ya mji yanakimbilia Mapendo. Kuna mama mmoja anaitwa Mwavita, anakaanga mandazi. Kwake maji yanaingia mlangoni na kutokea dirishani. Nilimkuta amepandisha jiko juu ya meza, meza juu ya matofali, naye juu ya kiti anakaanga. Wateja walinunua wakiwa ndani ya maji. Akaniambia, "Papa mutu ya plan, leo hakuna kurudisha chenji, mikono iko busy." Tangu siku hiyo mfereji huu nauota.

Kwa habari ya msemaji, nafikiri Havugimana anafaa zaidi. Ni ndugu wa marehemu, ana sauti, ana kofia nzuri. Mimi nitakuwa na kazi nyingi miezi hiyo.

Kuhusu mbuzi na ng'ombe, sayansi bado haijafika huko. Kuhusu Papa Sikuli, sina la kusema.

Wasalimu wote, hata ng'ombe wa Mukamugema.
Mdogo wako, Anastase

*

Kibumba, tarehe 1 Desemba 2018

Anastase,

Barua yako ilikaa wiki tatu kwa Modeste, kwa sababu magari yanayopanda yalijaa saruji. Ilinifikia jana. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivaa miwani.

Tuko salama. Mvua imelala juu yetu, kabichi zinaoza kwa chini, lakini tunakula, tunasali, tunagombana kidogo, yaani tu wazima.

Sasa nikuulize. Umeandika kurasa tatu. Umemtaja mlinzi. Umemtaja ng'ombe. Mama wa mandazi nimemjua mpaka jiko lake. Lakini baba mkwe wa mtoto wetu wa pekee amepata mstari mmoja, "sina la kusema". Mimi nilikubeba mgongoni, nakujua. Mtu akisema hana la kusema, linamkaba kooni.

Na habari ya Havugimana tafadhali iache. Kwenye posa ya jirani alisinzia wageni wakiwa wanajieleza. Alipoamshwa alisema "tumekubali" kabla hawajaomba. Mpaka leo familia ile inamtania.

Kambere alikuja Jumapili, akapalilia vitunguu na shati la kanisani. Nilimuuliza kama baba yake anakujua. Akashika jembe kwa nguvu, akasema, "Mama, miye niko napalilia tu." Kwa hiyo ninyi wote wawili hamna la kusema. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Ninangoja.

Dada yako, Emerance

*

Goma, tarehe 10 Januari 2019

Yaya mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Huku internet imekatwa nchi nzima tangu uchaguzi, hata ujumbe wa simu haupiti. Wenzangu ofisini walionicheka kwa barua zangu sasa wanauliza kwa heshima Modeste anapita saa ngapi. Clarisse anakusalimu. Amekutumia chumvi na kitambaa.

Umenishinda, nasema. Mfereji wa Mapendo una njia mbili tu. Ya kwanza inateremka moja kwa moja na kukata katikati ya depo ya Papa Sikuli. Ya pili inaizunguka depo kwa kona mbili na kupita juu ya nyumba za mbao za watu wadogo, ya Mama Mwavita ikiwa ya kwanza. Maji hayapendi kona, Yaya. Kwenye kona yanapanda ukingo na kurudi palepale tulipoyatoa. Nimepiga hesabu, nimetembea kwa miguu, nimewaita wahandisi. Njia ni moja: katikati ya mbao. Papa Sikuli atapewa kiwanja kingine upande wa barabara ya Sake, lakini anasema wateja wake hawatamfuata huko, na sidhani anadanganya.

Tangu Agosti ananitumia watu. Alimtuma padri. Alimtuma mdogo wake Ruffin, mwenye sauti ya spika. Hakuomba kitu kibaya sana machoni pake. Aliomba niandike kwamba njia ya pili nayo inafaa, nusu ukurasa tu, halafu wakubwa wachague. Lakini haifai. Nikakataa. Alikuwa bado hajui kwamba mimi ni ndugu yako, nami sikujua kwamba mwanawe anapalilia vitunguu vyako.

Sasa unaona tatizo langu. Nikikaa mbele kama msemaji, atakuja kuomba msichana kwa mtu anayembomolea depo. Anaweza kukasirika na kuondoka na kijana wake. Na nikipindisha mstari, mji mzima utasema mchumi amemuuza mpwa wake kwa mfereji, na Mama Mwavita atalala nje. Uamuzi unatoka mwezi wa tatu. Tafadhali tafuta msemaji mwingine. Siku hiyo nitabaki Goma, nitasema naumwa.

Sikutaka furaha ya mtoto iharibike kwa ajili yangu. Ndiyo maana nilinyamaza.

Anastase

*

Kibumba, tarehe 17 Februari 2019

Mdogo wangu,

Chumvi imefika, kitambaa kimefika. Kitambaa nimekificha, Mukamugema asikione kabla ya siku yenyewe.

Nilikuwa najua. Mwezi wa kumi na mbili, siku chache baada ya barua yangu, Papa Sikuli alikuja mwenyewe hapa, na gunia la mchele na samaki wa Vitshumbi waliokaushwa vizuri. Alikuwa ameshajua wewe ni nani. Aliketi kwenye benchi la marehemu, akaniambia, "Mama, umwambie ndugu yako apindishe kalamu kidogo. Tutakuwa familia moja." Nilimpa mashanza, maziwa yetu ya mgando, nikasema nitaangalia. Sikukuandikia. Nililijua jibu lako na sikutaka kuliona kwa maandishi.

Samaki tuliwala. Usinitazame hivyo.

Sasa nitakuuliza mara moja, halafu sitauliza tena. Je, mstari huo hauwezi kupinda hata kidogo? Umugwaneza amekonda. Anasahihisha daftari za watoto na machozi yanaangukia hesabu zao. Ukiniambia hauwezi, nitaamini, kwa sababu hata ulipokuwa mdogo ulikataa kusema kwamba mbuzi ndiye aliyekula mkate, na tukapigwa sote wawili.

Lakini ukiniambia hauwezi, basi uje uketi mbele. Hilo la kuumwa silikubali. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, na Umugwaneza ni nundu yako. Kama Sikuli ataondoka, aondoke akikutazama usoni. Siku ni Jumamosi baada ya Pasaka.

Ninakasirika na ninakupenda, yote kwa pamoja.
Emerance

*

Goma, tarehe 19 Machi 2019

Yaya,

Tunanawa mikono. Hiyo ndiyo habari kubwa ya Goma. Kwa sababu ya Ebola ya huko Beni na Butembo, kila mlango una ndoo ya maji ya dawa, kila kizuizi kuna mtu anakupima joto kwenye paji la uso. Mikono yangu imekuwa safi kuliko ya Pilato. Hakuna anayempa mwenzake mkono, tunagusana viwiko kama kuku wanaogombania punje.

Mstari haupindi. Uamuzi umetoka wiki hii na njia ni ya kwanza. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Papa Sikuli kabla karatasi haijamfikia. Nilimkuta kati ya mbao zake, kalamu ya fundi nyuma ya sikio. Nikamwambia yote, na kwamba kazi ya kuchimba itaanza kiangazi. Akachukua ubao mmoja, akafunga jicho moja na kuutazama kwa urefu, kama fundi anayetafuta ulipopinda, akasema, "Huu umenyooka." Akaurudisha mahali pake. Hakunipa kiti. Hakunipa kiwiko. Yaya, nilitoka pale nimeumia, maana mzee yule angekuwa rafiki yangu mahali pengine popote.

Nitakuja kuketi mbele. Kama watakuja.

Ila kuna shida ambayo hukuifikiria. Siwezi kusingizia. Kila jioni nafanya mazoezi mbele ya Clarisse. Nasema, "Msichana tumeshamtoa." Yeye anasema natoa sura ya mtu anayeleta habari ya msiba. Jana nilijaribu kutabasamu katikati ya sentensi, mtoto akauliza kama naumwa jino. Nimeandika hotuba yenye sehemu tatu ili isinitoroke.

Mwambie Umugwaneza asilie juu ya hesabu za watoto. Zinafutika.

Anastase

*

Kibumba, tarehe 5 Mei 2019

Anastase,

Sasa wewe ni mtu wa namna gani? Unafanya sherehe nzima, unapanda gari la wageni kurudi Goma kwa sababu "Jumatatu kuna mkutano", na mimi mama mwenye mtoto sijui kilichotokea!

Nilikuwa ndani na bibi harusi na wanawake. Mvua ilipiga mabati, hatukusikia hata neno. Nilitazama kwenye upenyo wa dirisha. Nilikuona umesimama chini ya turubai, mkononi una karatasi zinazochuruzika wino. Halafu nikaona ndugu yao Ruffin amebeba kikapu kichwani anakimbilia lori, na mbuzi wanarudishwa juu! Umugwaneza akasema, "Mama, basi," akaanza kuvua shanga. Nilikulaani, nakiri, nikalaani na mfereji. Baadaye kidogo nikasikia kicheko kikubwa kupita mvua, na kumbe tunaitwa kutoa msichana.

Nimeuliza. Mukamugema anasema ulitoa methali. Havugimana anasema ni yeye aliyeokoa kila kitu. Kambere anatabasamu tu, kijana yule hana faida. Andika vizuri, kwa utaratibu, kama unavyowaandikia wakubwa wako, lakini kwa Kiswahili.

Ng'ombe waliyemleta ni mzuri. Mbuzi nao ni wazuri. Vitunguu vyangu vyote wamevimaliza.

Emerance

*

Goma, tarehe 18 Mei 2019

Yaya yangu,

Clarisse alipata mafua ya ile mvua, sasa amepona. Suruali yangu haijapona. Haya, kaa kwenye benchi nikusimulie.

Walipofika, wote walinawa, wakapimwa joto na yule muuguzi wa zahanati, wakaketi. Papa Sikuli aliketi katikati, mkono juu ya fimbo, hakunisalimu. Ruffin ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alisimama na ile sauti yake, akasema wamekuja kuomba ua waliloliona bustanini kwetu, mambo mazuri kabisa. Zamu yangu ikafika. Nikafungua hotuba, na turubai ikafungua mfuko wake wa maji juu ya karatasi zangu. Sehemu zote tatu zikawa bluu.

Nikabaki bila kitu. Nikasema tu kilichokuwa kichwani, na kwa hofu nikakisema kwa sauti yangu ya mikutano, bila tabasamu, "Mmechelewa. Msichana tumeshamtoa. Jirani wa pale juu alileta ng'ombe wake jana. Rudini salama kabla barabara haijaharibika."

Unajua pale watu huwa wanacheka. Yaya, hakuna aliyecheka, hata watu wetu wenyewe! Nilimwona Mukamugema ameshika kifua. Havugimana aliniinamia akauliza polepole, "Jirani yupi?"

Ruffin alikuwa hajawahi kuona posa ya kwetu. Kwao mtu akisema ameshatoa, ameshatoa. Aliwaka hasira. Akasema, "Tumetoka Goma na mvua hii ili kuchekwa?" Akabeba kikapu, akaamuru mbuzi wapande lori. Nikafungua mdomo nieleze, lakini niliona nikieleza desturi nimeiua, na nisipoeleza nimemuua mpwa wangu. Nikasimama pale kama nguzo ya umeme isiyo na waya.

Hapo Papa Sikuli akagonga fimbo chini. Hakuinuka. Akasema, na nakuandikia maneno yake yalivyo:

"Ruffin, shusha mbuzi. Huyu mutu miye namujua. Tangu mwaka jana namuomba uongo moja tu, mudogo, wa nusu ukurasa. Alikatala. Nilituma padri, alikatala. Nilituma weye, alikatala. Nilienda mupaka kwa dada yake na samaki. Alikatala! Mutu wa vile hawezi kuamuka asubui moja, hivi tu, aanze kudanganya watu mbele ya mvua. Kama leo anadanganya, ni desturi ya kwao ndiyo inamutuma. Mukae chini."

Halafu mama mmoja wa kwao akaanza kucheka, na wa kwetu wakamfuata, na turubai nzima ikacheka. Mimi nilicheka na nililia, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa hakuna aliyejua.

Lakini hakumaliza. Akasema, "Sasa na miye niko na malalamiko kwa bakwe wangu. Munataka kupitisha maji katikati ya mbao zangu." Watu wakacheka tena wakifikiri ni zamu yake ya mchezo. Yeye alikuwa ananitazama moja kwa moja. Ningeweza kujibu kwa utani, Yaya. Nikasema, "Hiyo si ya mchezo, papa. Mstari haupindi, hata leo."

Akasema, "Nilijua. Nilitaka tu wote wasikie, kusikuwe mutu ya kusema kesho kama tulibadilishana binti na kanivo." Kisha akanipa kiwiko. Mzee yule ana kiwiko kigumu, bado kinaniuma.

Havugimana aliokoa mwavuli wa wageni, hilo ni kweli. Na lile swali lako la mwaka jana nimelipatia jibu siku ileile. Ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi wangapi? Wale mbuzi walishuka lorini mara mbili wenyewe. Ng'ombe alishushwa mara moja na wanaume sita, na Ruffin akapoteza kiatu. Fanya hesabu mwenyewe.

Niliogopa sana siku ile, Yaya. Nimefurahi kupita nilivyoogopa.

Anastase, msemaji mstaafu

*

Kibumba, tarehe 3 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Najua nimekaa muda mrefu bila kuandika. Harusi ilinichosha, mavuno yakanimalizia nguvu, halafu nilitaka kwanza nione kwa macho.

Hapa kote ni salama. Ng'ombe wa mahari amezoea, sasa naye anaingia shambani kwa Mukamugema, na mimi nasema ni ng'ombe mwingine. Havugimana bado anauliza ni jirani yupi.

Wiki iliyopita nilipanda lori la kabichi, nikaenda Mapendo kumwona mtoto. Wewe ulikuwa Kinshasa kwa mikutano yako, Clarisse alinipokea vizuri. Umugwaneza amenenepa. Anafundisha shule ya karibu, na Kambere anampelekea chakula saa sita, anasema anaangalia paa la shule.

Siku ya pili ikanyesha. Wewe unajua ile mvua, nyeusi, ya kutisha. Nikachukua mwavuli nikatoka kuangalia mfereji wako, nione kitu gani kilinifanya nikulaani siku ya posa. Mama Mwavita alikuwa kibarazani kwake, jiko liko chini, palepale mahali pa jiko. Nilinunua mandazi. Alinirudishia chenji.

Halafu nikamwona Papa Sikuli. Mbao zake ameshazipeleka barabara ya Sake. Anasema wateja wanapungua lakini wanakuja. Pale penye depo ya zamani palibaki kibanda kidogo tu, na katikati unapita mfereji, umenyooka kama ulivyosema, maji yanakimbia ndani yake yakinguruma kwenda ziwani. Yeye amesimama ukingoni na mwavuli, viatu vya mpira miguuni. Nikadhani anaomboleza. Nikaenda polepole nimpe pole.

Kumbe anasimamisha wapita njia! Kila anayepita, hata mtu wa pikipiki mwenye haraka, anamwita amwonyeshe maji. "Unaona hii kanivo? Hapa palikuwa depo yangu. Ule mwenye alipitisha ni mukwe wangu. Nilimuomba apindishe. Nilimubembeleza. Alinikatalia!"

Alinikatalia. Anasema neno hilo akiwa amenyoosha kifua, Anastase, namna wengine wanavyosema "alinijengea nyumba". Nilisimama pembeni chini ya mwavuli wangu na mandazi yangu, nikamsikiliza mpaka mvua ikaisha.

Dada yako, aliyekubeba mgongoni,
Emerance